Vipimo vya damu vinavyobashiri hatari kwa waishio na VVU

Na Mwandishi Wetu

MTU anayeishi na virusi vya ukimwi (VVU) anaweza kufika kwa miguu yake mwenyewe katika kliniki ya Nachingwea au Ruangwa, mkoani Lindi, akaketi kwenye benchi na kuzungumza na jirani yake bei ya ufuta, na bado akawa miongoni mwa wale ambao hawatamaliza mwaka. Jirani yake, aliye mwembamba kuliko yeye na anayekohoa, huenda akaishi miaka 30 zaidi. Tofauti kati yao haionekani usoni. Imo katika damu.

Kwa sababu hiyo, tangu miaka ya mwanzo ya ugonjwa huu watafiti wamekuwa wakitafuta viashiria, yaani vitu vinavyoweza kupimwa katika damu na kueleza mapema ni nani aliye katika hatari kubwa zaidi ya kuugua au kufa. Baadhi ya viashiria hivyo hupimwa kwa tone moja la kidoleni katika zahanati ya kijijini. Vingine huhitaji mashine ambazo wilaya nyingi hazijawahi kuwa nazo. Jambo la kushangaza kidogo ni kwamba vile vya bei nafuu havijapitwa na wakati, na kimoja kati yake ni kizee kuliko ukimwi wenyewe.

Magunia na panya

Kiashiria kinachofahamika zaidi ni hesabu ya chembe hai nyeupe za CD4, ambazo ndizo zinazoongoza kinga ya mwili na ndizo VVU huzishambulia. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo kati ya 500 na 1,500 katika kila milimita moja ya ujazo ya damu. Zikishuka chini ya 200, milango huwa wazi kwa kifua kikuu, nimonia na fangasi wa ubongo.

Kiashiria cha pili ni wingi wa virusi katika damu. Watu wengi huchanganya vipimo hivi viwili, ingawa kila kimoja hujibu swali tofauti. Mwenye ghala la mahindi akitaka kujua hali yake, anaweza kuhesabu magunia yaliyobaki, na anaweza pia kuhesabu panya walioingia. Magunia humweleza amebakiwa na nini leo. Panya humweleza ghala litakwisha kwa kasi gani. CD4 ni magunia, wingi wa virusi ni panya, na mwenye busara huhesabu vyote viwili.

Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983 katika Hospitali ya Ndolage, mkoani Kagera. Walikuwa watatu. Mpango wa taifa wa kutoa dawa za kupunguza makali ya VVU (ARV) bila malipo haukuanza hadi mwaka 2004, na kwa miaka kadhaa baada ya hapo kipimo cha CD4 kilikuwa kama mlinzi wa geti. Aliyekuwa na CD4 chini ya 200 aliingia na kupewa dawa. Aliyekuwa na 260 aliambiwa arudi baada ya miezi kadhaa, na si wote waliorudi.

Katika wilaya za pembezoni mashine ya CD4 ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Shirika la Afya Duniani (WHO), likilitambua hilo, lilielekeza mwaka 2003 kwamba mahali pasipo na mashine, mgonjwa aliyekwisha kuonyesha dalili angeweza kuanzishiwa dawa iwapo jumla ya limfosaiti, aina ya chembe nyeupe ambazo fundi wa maabara huweza kuzihesabu kwa hadubini, ingekuwa chini ya 1,200. Kipimo hicho hakikuwa sahihi sana. Hata hivyo kiliwafikia watu ambao kipimo sahihi hakikuwafikia.

Kiwango cha kuanzishiwa dawa kilipandishwa hatua kwa hatua hadi 350, kisha 500. Mwaka 2015 utafiti wa kimataifa uitwao START, uliowahusisha watu 4,685 katika nchi 35 ikiwamo Uganda, ulionyesha kwamba wale walioanza dawa wakiwa bado na CD4 zaidi ya 500 walipunguziwa hatari ya magonjwa makubwa au kifo kwa asilimia 57 wakilinganishwa na waliosubiri. Oktoba 2016 Tanzania ilianza kumpa dawa kila aliyekutwa na virusi bila kujali hesabu ya CD4. Geti likaondolewa, na mlinzi wake akaonekana hana kazi.

Hapo lilitokea kosa ambalo nchi nyingi za Afrika zililifanya kwa pamoja. Fedha za wafadhili zilielekezwa kwenye kupima wingi wa virusi, na katika vituo vingi mashine za CD4 zilipoharibika hazikutengenezwa tena. Ilisahaulika kwamba CD4 haikuwa tu tiketi ya kupata dawa. Ilikuwa pia njia ya kumtambua aliyefika akiwa amechelewa.

Fangasi anayeonekana kabla ya kichwa kuuma

Aliyechelewa ndiye anayekufa. Kwa mujibu wa mwongozo wa WHO wa mwaka 2017, mtu mzima mwenye CD4 chini ya 200, au mwenye dalili za hatua ya tatu au ya nne, huhesabiwa kuwa na ugonjwa wa VVU uliokomaa. Mtu wa namna hiyo anaweza kufa katika miezi ya mwanzo ya matibabu, akiwa na vidonge mkononi, kwa sababu ugonjwa mwingine ulikwisha kuingia mwilini kabla kinga haijaamka.

Mmoja wa wauaji hao ni fangasi aitwaye kriptokokasi, ambaye husababisha homa ya uti wa mgongo. Sifa yake ya ajabu, na ndiyo inayowapa madaktari nafasi, ni kwamba huacha alama yake katika damu wiki kadhaa kabla mgonjwa hajaanza kuumwa kichwa. Alama hiyo, antijeni ya kriptokokasi au CrAg, husomwa kwenye kijiti cha karatasi kinachofanana na kipimo cha ujauzito, na jibu hutoka kwa takriban dakika 10. Anayekutwa nayo, na uchunguzi ukaonyesha kwamba fangasi hajafika kwenye ubongo, hupewa flukonazoli, dawa ya vidonge, na ugonjwa huzuiwa kabla ya kuanza.

Ushahidi mzito zaidi wa jambo hili kwa eneo letu ulitoka Dar es Salaam. Kati ya Februari 2012 na Septemba 2013, watafiti wakiongozwa na Dk Sayoki Mfinanga wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) waliwaandikisha watu 1,999 wenye CD4 chini ya 200 katika kliniki tatu za jiji hilo na tatu za Lusaka, Zambia. Nusu yao walipata huduma ya kawaida. Nusu nyingine walipimwa alama ya kriptokokasi, na wahudumu wasio na taaluma ya uuguzi, waliopewa mafunzo mafupi, wakawatembelea nyumbani mara moja kwa wiki katika wiki nne za mwanzo.

Matokeo, yaliyochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2015, yalikuwa haya: baada ya miezi 12 walikuwa wamekufa asilimia 18 ya kundi la huduma ya kawaida, na asilimia 13 ya kundi la pili. Vifo vilipungua kwa asilimia 28. Hakuna dawa mpya iliyogunduliwa katika utafiti huo. Kilichoongezwa ni kijiti cha karatasi na mtu wa kubisha hodi.

Ikumbukwe kwamba walioandikishwa walichaguliwa kwa CD4. Kituo kisichoweza kupima CD4 hakimjui anayestahili kijiti hicho. Ndiyo maana katika miaka ya karibuni vimeanza kutumika vipimo vya haraka vya CD4 visivyohitaji mashine wala umeme, ambavyo havitoi hesabu kamili bali husema tu kama mgonjwa yuko juu au chini ya 200. Kwa zahanati iliyo mbali na makao makuu ya wilaya, jibu hilo moja linatosha.

Wingi wa damu

Kiashiria kizee kilichotajwa mwanzoni ni himoglobini, ile protini inayoipa damu wekundu wake na kubeba hewa ya oksijeni. Kila mama aliyewahi kuhudhuria kliniki ya wajawazito anaifahamu kwa jina la "wingi wa damu". Wachache wanajua kwamba kwa mtu mwenye VVU namba hiyo ni miongoni mwa zile zinazobashiri kifo kwa nguvu kubwa kabisa.

Kati ya mwaka 1995 na 1997 wajawazito 1,078 wenye VVU waliandikishwa jijini Dar es Salaam katika utafiti wa vitamini ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Muhimbili kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Harvard cha Marekani. Wakati huo ARV hazikuwapo hospitalini. Wanawake hao walifuatiliwa kwa miaka, na ilipofanyika hesabu ilibainika kwamba kadiri damu ya mwanamke ilivyokuwa pungufu ndivyo hatari ya kufa ilivyokuwa kubwa, hata kwa wale ambao CD4 zao zilikuwa bado nzuri. Himoglobini ilikuwa ikisema jambo ambalo CD4 haikulisema.

Baadaye, dawa zilipokwisha kufika, watafiti katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, waliwachunguza wagonjwa 320 walioanza matibabu. Ripoti yao ya mwaka 2008 ilionyesha kwamba upungufu wa damu ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyofungamana zaidi na vifo. Haydom ni hospitali ya kijijini, mbali na jiji, na kwa hiyo wagonjwa wake wanafanana zaidi na wa Nachingwea kuliko wa Dar es Salaam.

Kusini kuna jambo la ziada. Malaria na minyoo ya safura huipunguza damu hata ya mtu asiye na VVU. Katikati ya miaka ya 2000, Kituo cha Utafiti cha Ifakara kilifanya kazi kubwa katika wilaya tano za Lindi na Mtwara, Nachingwea na Ruangwa zikiwamo, kuchunguza njia ya kuwakinga watoto wachanga dhidi ya malaria na upungufu wa damu. Kuchaguliwa kwa wilaya hizo hakukuwa bahati nasibu, tatizo lilikuwapo. Kwa hiyo daktari anayepokea jibu la himoglobini ya gramu 8 kutoka kwa mwenye VVU wa Ruangwa anapaswa kujiuliza maswali mengi zaidi kuliko mwenzake wa mji wenye baridi na mbu wachache: ni virusi, ni kifua kikuu kilichojificha, ni malaria, ni safura, au ni chakula? Kila jibu lina dawa yake, na baadhi ya dawa hizo ni za bei rahisi.

Hata dawa ya VVU yenyewe inaweza kuwa chanzo. Zidovudini, iliyotumika kwa wingi katika miaka ya mwanzo, huweza kuangusha himoglobini, na mgonjwa alipaswa kupimwa damu kabla ya kuianza. Dawa inayotumika zaidi nchini tangu mwaka 2019 ni kidonge kimoja kwa siku chenye tenofovia, lamivudini na dolutegravia, ambacho hakina tabia hiyo. Lakini tenofovia inaweza kuathiri figo za baadhi ya watu, na hapo ndipo kipimo cha kreatinini kinapohitajika, hasa kwa wazee na kwa wenye shinikizo la damu au kisukari.

Moto usioonekana

Swali gumu zaidi ni la yule ambaye anameza dawa kila siku na virusi vyake havionekani tena katika kipimo. Je, hatari imekwisha?

Jibu lilianza kupatikana kwa njia ya bahati mbaya. Mwaka 2002 ulianzishwa utafiti mkubwa uitwao SMART, ambao hatimaye uliwahusisha watu 5,472. Wazo lake lilikuwa la huruma: pengine mgonjwa anaweza kupumzishwa dawa CD4 zikiwa juu ya 350 na kurudishiwa zikishuka hadi 250, ili aepuke sumu na gharama. Mwaka 2006 utafiti ulisimamishwa ghafla. Waliopumzishwa walikuwa wakifa zaidi, 55 dhidi ya 30, na wengi hawakufa kwa magonjwa yanayojulikana kuwa ya ukimwi. Walikufa kwa moyo, figo, ini na saratani.

Watafiti waliirudia damu iliyohifadhiwa kwenye majokofu. Katika ripoti ya mwaka 2008 walieleza kwamba waliokufa walikuwa wameingia kwenye utafiti wakiwa tayari na viwango vikubwa vya vitu viwili: intalukini-6, ambayo ni ishara kwamba mwili uko katika hali ya uvimbe wa ndani, na D-dima, kipande cha protini kinachobaki pale damu iliyoganda inapoyeyushwa. Kwa maneno mengine, VVU huwasha moto mdogo mwilini. Dawa huupunguza sana, lakini makaa hubaki, na kwa miaka mingi makaa hayo huunguza mishipa ya moyo.

Vipimo hivyo viwili havifanyiki Nachingwea, na hata katika nchi tajiri hutumika zaidi katika utafiti kuliko kumtibu mgonjwa mmoja mmoja. Sababu ni rahisi: mafua au jeraha vinaweza kuvipandisha, na daktari akishapata jibu hana dawa mahususi ya kuandika. Kiashiria kisicho na hatua ya kuchukua humtia mgonjwa hofu tu.

Lililo na manufaa zaidi kwa hospitali ya wilaya ni wazo la kujumlisha vipimo vya kawaida. Madaktari wanaowahudumia wanajeshi wastaafu wa Marekani walitengeneza fahirisi iitwayo VACS, ambayo huchukua umri, CD4 na wingi wa virusi, kisha ikaongeza himoglobini, kreatinini, vimeng'enya vya ini, chembe sahani za damu na kuwapo kwa homa ya ini C. Jumla yake hubashiri vifo vizuri kuliko CD4 na wingi wa virusi peke yake. Ukiitazama orodha hiyo kwa makini, sehemu kubwa ni vipimo ambavyo maabara ya hospitali ya wilaya yenye vitendanishi inaweza kuvifanya. Neno zito katika sentensi hiyo ni vitendanishi.

Kuhusu moyo, hatua ya kuchukua imepatikana. Utafiti uitwao REPRIEVE, uliowahusisha watu 7,769 wenye VVU katika nchi kadhaa ikiwamo Uganda, ulitangaza mwaka 2023 kwamba kidonge cha kila siku cha pitavastatini, moja ya dawa za kushusha lehemu, kilipunguza mashambulio ya moyo, kiharusi na matukio mengine makubwa ya aina hiyo kwa asilimia 35, hata kwa watu ambao vipimo vyao vya kawaida vilionyesha hatari ndogo.

Safari ya chupa ya damu

Lindi haikuwa kamwe kitovu cha ugonjwa huu. Utafiti wa taifa wa mwaka 2016 hadi 2017 uliuweka mkoa huo miongoni mwa ile ya chini kabisa, kwa maambukizi yasiyofika asilimia 1, wakati Njombe ilikuwa na asilimia 11.4. Utafiti uliofuata, wa mwaka 2022 hadi 2023, ulikuta asilimia 4.4 ya Watanzania wenye umri wa miaka 15 na kuendelea wakiwa na virusi. Uchache huo ni heri, lakini una gharama yake. Mashine hupelekwa kwenye wagonjwa wengi. Mgonjwa wa Ruangwa anapokuwa mmoja kati ya wachache, damu yake ndiyo inayosafirishwa.

Na damu haipendi safari. Iliyotolewa kwa ajili ya kupima wingi wa virusi hupaswa kutenganishwa ndani ya saa 24. Ya CD4 ina muda mrefu kidogo, lakini nayo huharibika kwa joto. Barabara kutoka Nachingwea hadi Masasi ni kilomita 45 tu, ila msimu wa masika kilomita na saa havihusiani sana. Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi katika eneo la Kilwa, na magari yalikwama pande zote mbili.

Njia moja ya kuikwepa adha hiyo ni kudondosha damu kwenye karatasi maalumu na kuiacha ikauke. Virusi vilivyokauka hapo huweza kupimwa wiki kadhaa baadaye bila jokofu. Usahihi hupungua pale virusi vinapokuwa vichache, lakini kwa kutambua waliovuka kipimo cha 1,000 kwa mililita, kiwango kinachoashiria kwamba dawa haimezwi ipasavyo au imeshindwa, karatasi hutosha. WHO huelekeza kipimo hicho kifanyike mwezi wa 6 na wa 12 tangu kuanza dawa, kisha kila mwaka. Anayevuka 1,000 hushauriwa kuhusu umezaji wa dawa na hupimwa tena baada ya miezi mitatu kabla ya kubadilishiwa. Mwaka 2023 shirika hilo lilieleza pia kwamba aliye chini ya 1,000 ana uwezekano mdogo sana, karibu na sifuri, wa kumwambukiza mwenzi wake, na kwamba asiyeonekana virusi kabisa hana uwezekano huo.

Jibu nalo lina safari yake ya kurudi. Likifika Oktoba au Novemba, mwenyewe huenda yuko shambani akiokota korosho, au amehamia machimboni, na simu aliyoiandikisha kliniki ni ya shemeji. Kwa aliye na virusi 200 kuchelewa huko hakuna madhara makubwa. Kwa aliye na virusi 200,000, CD4 zilizo chini ya 100 na himoglobini ya gramu 7, muda wa kumtafuta huhesabiwa kwa siku.

Sehemu kubwa ya gharama za vipimo hivyo nchini imekuwa ikibebwa na mfuko wa serikali ya Marekani, PEPFAR, na Mfuko wa Dunia. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ingawa huduma za kuokoa maisha ziliruhusiwa kuendelea, watumishi wengi waliolipwa na miradi walisimama kazi. Miongoni mwao, katika nchi mbalimbali za Afrika, walikuwamo wale waliokuwa wakibeba chupa za damu kwa pikipiki kwenda maabara, na wale waliokuwa wakibisha hodi kwa wasiorudi kliniki.